Mkuu, chomoa hiyo kompyuta ukutani kwanza

Chomoa. Usibonyeze tena swichi eti "mara ya mwisho nione". Umesema umetoa pawa saplai, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, ya wati 450 ukaweka ya 650 kwa ajili ya kadi mpya ya grafiki, na sasa feni zinazunguka sekunde moja halafu kimya. Sawa. Lakini katikati ya maelezo umechomekea kwamba nyaya umeacha zilezile za zamani kwa sababu zilishafungwa vizuri nyuma ya mazabodi (ile bodi kubwa ambayo vyote vinachomekwa), na "zimeingia zote bila shida". Niliposoma hapo chai ilinipalia.

Zangu nazo ziliingia bila shida.

Nashuti na kuhariri video za sherehe, nipo Sinza. Pawa saplai yangu ilichoka, nikashuka Kariakoo nikanunua mpya, ile ambayo nyaya zake zinachomoka pande zote mbili. Nikamuuliza fundi aliyeniuzia, kwa mdomo wangu huu: nyaya nazo nibadilishe? Akacheka. "Braza, waya ni waya. Ikiingia, imeingia." Mtu ana duka, ana bisibisi ya sumaku, ana mita ya kupimia umeme inaning'inia ukutani, wewe nani umbishie? Ile mita nadhani alinunua kwa ajili ya mapambo.

Nikaokoa nusu saa ya kukata na kufunga vibanio. Nikawasha. Feni zikazunguka, nikatabasamu kama mjinga. Kidogo ikaja harufu. Nikadhani jirani anakaanga dagaa, nikanyanyuka nikafunga dirisha. Dirisha! Nageuka, kimoshi chembamba kinapanda kutoka kwenye diski kama cha udi.

Iko hivi. Vichwa vya upande wa mazabodi na diski ni vya mpango mmoja dunia nzima. Upande wa pawa saplai yenyewe hakuna mpango huo: umbo la kichwa linaweza kufanana kikaingia, lakini kila kiwanda kinapanga pini kinavyotaka, na hata kiwanda kimoja hubadilisha kutoka toleo moja hadi jingine. Kwangu volti 12 zilikwenda mahali pa volti 5. SSD, ile diski ndogo ya chipu tupu, ikafa papo hapo, ile diski kubwa ikaungua bodi yake ya chini. Na usidhani utanunua diski kama hiyo uhamishe bodi. Kwenye bodi kuna kichipu chenye taarifa za diski ile ile, lazima nacho kihamishwe. Niliyempelekea alitaka laki nane, na bado hakuahidi kitu.

Ndani ilikuwamo send-off ya Jumamosi. Kadi za kamera nilishazifuta nipate nafasi ya kipaimara cha Jumapili. Wiki mbili mama wa binti ananipigia, "Mwanangu, video yetu imefikia wapi?" nami najibu, "Inaenda vizuri mama, imebaki rangi tu." Rangi! Mwishowe nilienda nyumbani kwao, nikakaa kwenye ukingo wa kochi, nikasema. Hela nilirudisha yote. Soda waliyonikaribisha sikuimaliza.

Kwa hiyo pawa saplai ikitoka, inatoka na nyaya zake zote. Usiache hata mmoja, hata ule wa SATA, unaopeleka umeme kwenye diski, uliofichika nyuma. Usinijibu kwamba zote mbili ni za kampuni moja.

Wewe una dalili ya kukupa moyo kidogo: kuzima baada ya sekunde moja mara nyingi ni ulinzi wa pawa saplai umeona shoti ukakata. Mimi wangu uliniangalia tu. Toa nyaya zote, chukua zilizokuja kwenye boksi jipya. Unganisha ule mkubwa wa pini 24 na ule wa prosesa tu. Diski zote ziache nje, kadi ya grafiki nayo nje. Ikikaa imewaka, tafuta mwenye mita inayofanya kazi apime kichwa cha SATA kabla hakijagusa diski: pini tatu za katikati zisome volti 5, tatu za mwisho upande mmoja zisome 12. Siku hizi nyaya zote nyeusi, rangi haitakusaidia. Halafu zima, chomeka diski moja, washa. Zima, chomeka nyingine. Ile itakayoifanya kompyuta izime tena, ndiyo iliyopigwa.

Uliuliza pia kuhusu wati, na kuhusu UPS au stabilaiza, kama nakumbuka. Tutafika huko. Kwanza piga picha upande wa soketi za pawa saplai, siyo wa mazabodi, uiweke hapa. Na kama kuna kitu cha mtu kwenye hizo diski, usimwambie imebaki rangi.