Usitume Idadi Usiyoihesabu: Neno kwa Anayeanza Kazi ya Takwimu za Elimu

Jana nilipokea ujumbe kutoka kwa kijana ambaye amepangiwa kwa mara ya kwanza dawati la takwimu katika Divisheni ya Elimu ya Awali na Msingi ya halmashauri yake. Aliandika hivi: "Shikamoo kaka. Kuna Mwalimu Mkuu mmoja hajaleta takwimu hadi leo na keshokutwa ndiyo mwisho. Wenzangu ofisini wananiambia nichukue idadi ya mwaka jana niongeze kidogo, mradi taarifa ya halmashauri ikamilike. Nifanyeje?" Papo hapo nilimjibu kwa mstari mmoja tu, kwamba asithubutu. Leo nataka kumjibu kwa kirefu, kwa sababu jambo analoshauriwa alifanye nililifanya mwenyewe mwaka 2018, na hadi sasa halijanitoka moyoni.

Kwanza tukumbushane fedha yenyewe inavyotembea. Tangu Januari 2016, elimumsingi bila malipo ilipoanza kutekelezwa kwa Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015, ruzuku ya uendeshaji hutoka Hazina na kuingia moja kwa moja katika akaunti ya shule. Kiwango nilichofanya nacho kazi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka na 25,000 kwa wa sekondari. Kwa shule ya msingi, shilingi 4,000 hubaki serikali kuu kwa ajili ya vitabu na 6,000 hushuka shuleni, ambazo ukizigawa kwa miezi ni shilingi 500 kwa kila mtoto kila mwezi. Zamani fedha hizi zilipitia halmashauri, na takwimu zikikosewa Mweka Hazina aliweza kurekebisha mgao hapo hapo kabla hundi hazijatoka. Sasa hazipiti tena mikononi mwetu. Kilichobaki mikononi mwetu ni ile idadi ya wanafunzi tunayoituma TAMISEMI, ofisi ya serikali inayosimamia halmashauri, na ndiyo maana afisa takwimu, ambaye hasaini hundi wala haitwi kwenye vikao vya fedha, anaweza kuinyima shule fedha bila mtu yeyote kugundua.

Mimi niliinyima. Katika kata moja kulikuwa na shule mama iliyofurika hadi darasa la tatu wakasomea chini ya mwembe. Wananchi wa kitongoji cha pili walifyatua matofali, wakajenga, wakaanza na shule shikizi, yaani tawi lisilo na usajili wake linaloegemea shule mama, na baada ya kuhangaika kwa muda mrefu ikapata namba yake ya usajili. Januari 2018 watoto 412 walihamia huko, wakubwa wamebeba madawati na wadogo wamebeba vigoda. Mwezi wa Machi, tulipokuwa tukikusanya takwimu za mwaka, fomu ya shule mpya haikufika kwa wakati. Fomu ya shule mama ilifika ikiwa na idadi ileile ya mwaka uliotangulia, kana kwamba hakuna mtoto aliyeondoka. Nilikuwa nimechoka, shule zilizosalia zilikuwa nyingi, na nikajiambia kwamba shule mpya itaingizwa vizuri mwaka ujao. Nikajumlisha kata nzima, jumla ikakubaliana na ya mwaka wa jana pamoja na ongezeko la kawaida, nikafunga faili. Jumla ilikuwa sahihi kabisa. Kosa lilikuwa ndani ya jumla, na jumla iliyokubaliana ndiyo iliyonifumba macho.

Hadi Juni shule mama iliwagawia wenzao chaki na karatasi za mitihani kwa moyo wa ujirani. Mwaka mpya wa fedha ulipoanza Julai, Mwalimu Mkuu wa shule mama alikuwa amehamishwa, na aliyekuja alisema, kwa haki kabisa, kwamba hawezi kutumia fedha ya akaunti ya shule yake kuihudumia shule nyingine bila maandishi. Mwanzoni mwa Februari 2019 Mwalimu Mkuu wa shule mpya aliingia ofisini kwangu. Alikuwa mama wa makamo, ameshuka kwenye pikipiki, vumbi limemtanda hadi kwenye nyusi, na kwapani amebeba madaftari ya mahudhurio ya madarasa yote yakiwa yamefungwa kwa kitenge. Aliyafungua mezani pangu moja baada ya jingine, pole pole. Hakupandisha sauti. Alisema, "Afisa, naomba unihesabie mwenyewe hawa watoto, maana mimi nikihesabu napata 412 na benki wanapata sifuri." Katika daftari la darasa la kwanza nikaona kwamba kurasa zilikuwa zimechorwa mistari kwa rula, kwa mkono. Alikuwa ameshindwa kununua daftari la mahudhurio, akajitengenezea kutokana na madaftari ya kawaida aliyoyanunua kwa mshahara wake.

Watoto 412 kwa shilingi 500 ni shilingi 206,000 kwa mwezi. Kwa miezi saba, kuanzia Julai hadi Januari, ni shilingi 1,442,000. Najua kwamba kwa mtu wa ofisi kubwa kiasi hicho si kitu. Kwa shule isiyo na chanzo kingine, hiyo ni chaki, ni karatasi za majaribio, ni dawa ya kusafishia vyoo, ni bati la kuziba paa linalovuja juu ya darasa la pili. Fedha ile haikupotea wala haikuibwa. Iliingia katika akaunti ya shule mama, ikatumika kwa mambo halali yaliyopitishwa na kamati ya shule, na kwa hiyo haikuweza kurudishwa. Shule mpya ilianza kupata mgao wake baada ya marekebisho, lakini ile miezi saba haikufidiwa kamwe.

Niliandikiwa barua ya kujieleza, na nilistahili. Kilichoniuma ni kikao kilichofuata, ambako jina langu lilisomwa mbele ya Maafisa Elimu Kata wote na mkubwa wangu akasema kwamba amekuwa akitaka takwimu sahihi siku zote. Mwaka ule nilipokosea alikuwa amenipigia simu mara tatu kwa siku moja akiniuliza kwa nini halmashauri yetu ni ya mwisho mkoani kutuma, na hakuna hata mara moja aliyoniuliza kama nilichokuwa nakwenda kutuma ni kweli. Sisemi haya ili kujitoa lawamani. Nayasema kwa sababu wewe kijana utakutana na simu hizo hizo, na ni lazima ujue mapema kwamba anayekuharakisha leo hatakuwa upande wako siku kosa litakapoonekana.

Tangu hapo nilibadilika, na naona fahari kusema kwamba kwa miaka minne mfululizo takwimu nilizotuma hazikurudishwa hata mara moja. Siri yenyewe ni ndogo. Sipokei idadi bila chanzo chake: daftari la uandikishaji kwa aliyesajiliwa, daftari la mahudhurio kwa anayekuja, na barua za uhamisho kwa aliyeondoka na aliyeingia. Vitatu hivyo visipokubaliana, namwuliza Mwalimu Mkuu hadi vikubaliane au hadi anieleze kwa nini havikubaliani. Shule ambayo idadi yake haijabadilika hata mtoto mmoja kulinganisha na mwaka jana ndiyo naiendea kwanza, kwa sababu ni nadra sana watoto wanaoingia na wanaotoka kulingana kabisa. Na shule yoyote iliyogawanywa, iliyohamishwa au iliyopandishwa kutoka shikizi naikagua kwa miguu yangu.

Kuongeza watoto wasiokuwepo nako ni kosa lilelile kwa sura nyingine. Wengi wetu tunakumbuka mwaka 2016, suala la wanafunzi hewa lilipoibuka na uhakiki ukafanyika nchi nzima, na baadhi ya wakuu wa shule wakavuliwa madaraka. Baada ya hapo woga ukatuingia, na wapo wenzangu waliohamia upande wa pili wakawa wanapunguza idadi ili wasije wakashikwa. Mtoto aliyefutwa kwa woga wa afisa anakosa shilingi zake 500 sawasawa na yule aliyesahaulika kwa uvivu. Vivyo hivyo kwa mwanafunzi aliyekatisha masomo akarejea shuleni chini ya Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021: usimwandike kama mpya wakati namba yake ya PREM, yaani ya mfumo wa taifa wa kumbukumbu za wanafunzi, ipo, maana utakuwa umemhesabu mara mbili mahali pamoja na kuharibu kumbukumbu yake mahali pengine.

Tena usidhani ruzuku ndiyo pekee inayotegemea idadi hiyo. Ikama ya walimu, yaani idadi ya walimu ambao shule inapaswa kuwa nao, hupangwa kwayo, na makadirio ya vyumba vya madarasa vilevile. Wanafunzi walioanza mtaala mpya wakiwa darasa la tatu Januari 2024 watamaliza elimu ya msingi wakiwa darasa la sita mwaka 2027, mwaka uleule ambao wenzao waliowatangulia kwa darasa moja watamaliza la saba. Makundi hayo mawili yatabisha hodi kidato cha kwanza kwa pamoja Januari 2028. Halmashauri ambayo leo haijui kwa hakika ina watoto wangapi katika madarasa hayo mawili itajenga vyumba kwa kubahatisha, na watakaokaa chini ni watoto wa wazazi wale wale waliofyatua matofali.

Basi nirudi kwa Mwalimu Mkuu wako ambaye hajaleta fomu. Usimsubiri na usimjazie. Mpigie Afisa Elimu Kata leo jioni umwulize kama mwalimu huyo ana tatizo, kwa sababu mara nyingi anayechelewa ana mgonjwa, au mtandao haushiki kwake, au hakuelewa fomu na anaona aibu kuuliza. Kesho alfajiri nenda shuleni ukiwa na fomu mbili tupu, kalamu na nakala ya takwimu za mwaka jana, ufike kabla ya mstarini. Omba ruhusa, simama pembeni, hesabu watoto darasa kwa darasa wakiwa wamepanga foleni, ndipo muingie ofisini na madaftari mjaze pamoja, yeye asaini na wewe usaini. Ukirudi, mwandikie mkuu wako wa divisheni mstari mmoja kwamba shule hiyo imehesabiwa na wewe binafsi, taja tarehe, na uhifadhi nakala.