Mkuu, hayo maua yasitoke dukani kabla mkataba haujasainiwa

Futa hiyo oda. Nimesoma swali lako mara mbili nikidhani nimekosea: una kampuni ya usafi, mkataba na mteja wako mkubwa unaisha Desemba, wametangaza zabuni upya, halafu unauliza umpelekee meneja manunuzi maua gani, ya bei gani, na kwenye kadi uandike nini. Na wadau waliokujibu kabla yangu wanakushauri rangi. Rangi! Nyumba inaungua, watu wanachagua mapazia.

Mimi nilikuwa kwenye kazi hiyo hiyo ya mafagio na dawa za vyoo, mteja wa namna hiyo hiyo, jengo zima mjini. Zabuni zimeshapokelewa, kamati ya tathmini imeanza kukaa. Nikaagiza mawaridi mekundu, mzigo wa maana, kwa jina la meneja manunuzi. Kadi nikaiandika mwenyewe: "Tunatarajia kuendelea kufanya kazi nanyi." Niliona ni adabu tupu. Hebu isome tena ukijifanya mwanasheria wa mshindani wako.

Kijana wa bodaboda akayaacha mapokezi. Kwenye viti vya wageni alikuwa amekaa mtu wa kampuni nyingine iliyoomba kazi ile ile, anasubiri kuonana na mhasibu. Akapiga picha, kadi inasomeka mpaka nukta. Jioni malalamiko yakawa mezani kwa mkurugenzi. Yule mama, meneja manunuzi, hakuwahi kuniomba hata soda, lakini akaandikishwa maelezo na kuondolewa kwenye kamati. Sisi tukaenguliwa kwa mgongano wa maslahi. Wafanyakazi waliokuwa kwenye jengo lile niliwaaga mwenyewe, na hakuna aliyenielewa nilipotaja maua. Ungeelewa wewe? Mama yule tukikutana hata salamu hanipi, na ana haki. Mawaridi yalinyauka ndani ya wiki; kadi nasikia iko kwenye faili mpaka leo.

(Mke wangu naye aliiona risiti. Tuliache hilo.)

Aliyeniingiza mjini ni mshauri mmoja wa masoko. Tulimlipa atufundishe hotelini, sambusa na juisi juu yetu, akasimama na kipaza sauti: "Biashara ni mahusiano, mguse mteja moyoni." Hakusema umguse lini. Hakutamka neno zabuni siku nzima. Nilipompigia baadaye akaniambia eti nilikosea "utekelezaji". Ndugu yangu, utekelezaji ulikuwa safi, mzigo ulifika kwa wakati! Muuza maua naye hakubaki nyuma. Alitaka kuniuzia lile pambo la kusimama kwenye miguu mitatu, maua meupe mviringo. Hilo watu wanalijua kwenye makaburi, mteja angetoa rambirambi. Angalau hapo nilishtuka.

Na ile ilikuwa kampuni binafsi. Mteja wako akiwa ofisi ya umma ndiyo utalia zaidi: Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 haijali kama zawadi inanukia vizuri, na mwajiriwa wa kampuni binafsi pia yumo humo. Ukimwambia afisa wa TAKUKURU kwamba ulikuwa unajenga mahusiano, utakuwa umemrahisishia kuandika.

Kwa hiyo: maua yanakwenda baada ya saini. Kabla ya saini, hata ua moja la asumini usipeleke. Hata Krismasi iangukie katikati, hata meneja apandishwe cheo, hata ajifungue mapacha. Karatasi yako ikiwa mezani kwao, mikono yako iwe mitupu. Ukishasaini, au ukishakosa (ndiyo, hata ukikosa, na hapo ndipo yanapopendeza zaidi maana hakuna atakayesema unanunua kitu), piga simu utawala uulize sera yao ya zawadi, kampuni kubwa nyingi zina rejista kabisa. Kisha peleka kwa idara nzima, jina la mtu mmoja lisionekane popote. Kadi iwe na "asante" ya kazi iliyopita. Neno "tunatarajia" lipige marufuku.

Aina ya maua, chukua mawaridi ya Arusha au ya Naivasha, ila yafike asubuhi; joto la Dar halina huruma na buti la gari ndilo jiko lenyewe. Usiyasafirishe pamoja na ndizi au maembe mabivu, gesi inayotoka kwenye matunda hayo huyazeesha maua haraka. Mashina yakatwe upya mshazari, majani yanayozama kwenye maji yatolewe.

Sasa niambie, hiyo zabuni inafungwa lini? Na muuza maua umeshampa hela?