Mto uliopita mgongoni: kwako unayekwenda kusomea ualimu wa Jiografia

Mwanafunzi aliyeniumbua alikuwa wa kidato cha tatu, anakaa dawati la nyuma kabisa. Ilikuwa wiki yangu ya pili ya mazoezi ya kufundisha, shule ya kata wilayani Kondoa. Nilikuwa nimechora ubaoni kontua za mlima, ile mistari inayounganisha sehemu zenye mwinuko sawa, mto ukishuka katikati, namba za mwinuko nimeziandika kwa chaki ya rangi, na mwenyewe najiona nimeweza. Akanyoosha kidole.

"Madam, huo mto mbona unapita mgongoni?"

Darasa likaangua kicheko. Nikageuka kuutazama ubao. Kweli. Kontua zikikata bonde hujikunja kama herufi V, na ncha ya hiyo V huelekea kule mto unakotoka, yaani juu. Zangu zote zilielekea chini. Nilichokuwa nimechora ni mgongo wa mlima, na juu ya mgongo huo nikaulaza mto utiririke kwa raha zake. Asesa, yule mhadhiri wa chuo anayekuja kutupima, hakuwepo siku hiyo, namshukuru Mungu.

Nimeanza na aibu hii kwa sababu kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yakitoka napata maswali yaleyale kutoka kwa wadogo zangu na wa majirani: dada, nimechaguliwa ualimu, masomo yangu ni Jiografia na jingine, itakuwaje? Huwa wanataka nizungumzie mkopo na ajira. Nitafika huko. Lakini kinachowaangusha wengi wetu ni hiki nilichokifanya mimi: tunaingia chuo tukidhani Jiografia ni somo la kukariri, tunaikwepa sehemu yake yenye mikono na miguu, halafu ndiyo hiyohiyo tunayokutana nayo darasani.

Mimi kidato cha tano na sita nilisoma HGK, yaani Historia, Jiografia na Kiswahili. Pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ukichanganya na kozi za elimu, saikolojia, mitaala na mbinu za kufundishia, ratiba inajaa. Kwa hiyo kila penye nafasi ya kuchagua kozi nilikimbilia zile za maelezo: idadi ya watu, makazi, maendeleo vijijini. Takwimu na upimaji nilizipita kwa kudra. Kwenye vitendo vya kupima kwa mnyororo na tepu mimi nilikuwa yule wa kushika daftari. Katika kila kundi huwa yupo mmoja anayeshika daftari, na mara nyingi ni mtu wa HGK au HGL, wale wenye Kiingereza badala ya Kiswahili. Usikubali kuwa wewe. Shika tepu, ingia kwenye majani, kosea vipimo wakati bado kuna mtu wa kukurekebisha. Shuleni utakuwa peke yako, pengine mwalimu pekee wa Jiografia, na swali la ramani halikosekani kwenye mtihani wa kidato cha nne.

Ramani yenyewe haina uchawi. Kwenye ile ya 1:50,000, sentimita mbili ni kilometa moja ya kutembea kwa miguu. Wanafunzi wangu huchanganya namba za gridi, ianze ipi. Nikawaambia: huwezi kupanda mnazi kabla hujafika kwenye shina. Tembea kwanza kuelekea mashariki, ukifika shinani ndipo upande kaskazini. Tangu hapo hawakosei, ingawa Kondoa mnazi wengi wao wameuona kwenye picha tu.

Sasa habari ya somo la pili. Ualimu wa sekondari unasomewa kwa masomo mawili, na hilo la pili lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Jiografia na Historia tuko wengi mno. Kwa miaka mingi sasa upungufu mkubwa ni wa walimu wa sayansi na hisabati, na sisi wa sanaa tunasubiri. Kama ulitoka EGM (Uchumi, Jiografia na Hisabati) na hisabati hazikukutesa, chukua Jiografia na Hisabati bila kusikiliza maneno ya watu. Kama ulitoka CBG (Kemia, Biolojia na Jiografia), Biolojia ipo. Kama ni HGK kama mimi, soma unachokipenda, lakini nenda ukijua kwamba kuna kipindi cha kusubiri. Mimi nilijitolea miaka miwili na miezi kadhaa, nalipwa nauli na chakula cha mchana, jioni napiga tuisheni. Siku hizi hata nafasi zikitangazwa kuna usaili, na huko hakuna anayekuuliza ulikuwa unasali wapi; unaulizwa somo lako.

Na soma jina la shahada kabla hujabonyeza kitufe cha kuthibitisha. Kuna shahada za Jiografia na mazingira zisizo na ualimu ndani yake. Nina rafiki aliyegundua akiwa mwaka wa pili kwamba wenzake wanajiandaa kwenda kufundisha na yeye hayumo kwenye orodha. Alimaliza, kisha ikabidi arudi kusoma stashahada ya uzamili ya elimu ndipo apate kuingia darasani. Ni njia halali, ila ni mwaka mwingine na ada nyingine.

Kuhusu bumu, ile fedha ya mkopo ya kujikimu, nitasema neno moja: likitoka, nunua daftari gumu na viatu vya kutembelea kabla ya simu mpya.

Viatu kwa sababu Jiografia ni kutembea. Mimi ni mtoto wa Tukuyu, Rungwe. Kwetu mvua inazidi milimita 2,000 kwa mwaka. Upepo unyevu kutoka Ziwa Nyasa unapanda milima, unapoa, unatumwagia. Nilikuwa nimekariri mvua ya milima tangu kidato cha kwanza bila kujua kwamba ndiyo iliyokuwa ikininyeshea nikienda shule. Hakuna mwalimu aliyewahi kufungua dirisha akatuonyesha Mlima Rungwe wakati akifundisha. Ilibidi nipangiwe Kondoa, nione udongo mwekundu ulio wazi na makorongo yanayomeza mtu na baiskeli yake, ndipo nikaelewa kwamba nyumbani kulikuwa na somo zima ambalo sikulisoma.

Makorongo hayo ndiyo yaliyoniokoa baada ya ile aibu ya mto. Nilitakiwa kufundisha aina za mmomonyoko wa udongo, na kitabu kimeandikwa kwa Kiingereza. Wanafunzi walinakili majina, wakayatamka kama wimbo, na nilipouliza maana yake, kimya. Nikawatoa nje. Nyuma ya shule kulikuwa na korongo refu kuliko darasa letu. Tukaanzia juu, ambapo maji hubeba udongo kama shuka linavyovutwa kitandani, tukafuata mifereji myembamba ya upana wa kidole, halafu ya upana wa jembe, hadi ukingoni mwa korongo lenyewe. Hatua zote tatu ndani ya mita mia.

Tukiwa pale akapita mzee mmoja na punda wake. Tukamwamkia. "Marahaba wanangu. Mnatafuta nini humo?" Nikamweleza. Akacheka, akakaa kwenye jiwe, akatupa somo ambalo mimi nilikuwa nimelisoma chuoni kwa kurasa mbili tu: mradi wa HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma, ulioanza 1973, na jinsi mwaka 1979 mifugo ilivyoondolewa katika maeneo yale yaliyoharibika ili ardhi ipumue. Yeye alikuwa kijana wakati huo na ng'ombe wa baba yake walihamishwa. Chuoni tulifundishwa kwamba majani yalirudi. Mzee alisema yalirudi, ndiyo, ila maziwa ya watoto yalikwenda wapi? Wanafunzi wakaanza kubishana wenyewe kwa wenyewe, wengine upande wa majani, wengine upande wa ng'ombe. Sikuwa na andalio la mjadala huo. Nilikaa na mimi kwenye jiwe.

Kwa hiyo ukipangiwa shule usiyoijua, jioni ya kwanza usijifungie chumbani kulalamikia mtandao. Zunguka. Uliza mto unakauka mwezi gani, mafuriko yalifika wapi, kwa nini upande huu wanalima uwele na ule mahindi. Kama uko Dar es Salaam, nenda Jangwani ukalitazame Bonde la Msimbazi, uelewe kwa nini baada ya mafuriko ya Desemba 2011 kuna watu walihamishiwa Mabwepande, na kwa nini wengine walirudi.

Lugha itakutesa. Unafundisha kwa Kiingereza watoto waliosoma msingi kwa Kiswahili, na ukweli ni kwamba wengi wetu Kiingereza chetu nacho kinachechemea. Lile daftari gumu nililokwambia ununue ni la hili: kila istilahi unayokutana nayo chuoni, iandikie Kiswahili chake papo hapo, na mfano wa mahali unapopajua. Ghuba, rasi, mlango wa mto, maporomoko, korongo. Ukikosa neno la Kiswahili, eleza kitu kinavyofanya kazi. Mtoto akishalielewa korongo kwa Kiswahili, jina la Kiingereza atalibeba mwenyewe hadi chumba cha mtihani.

GIS nayo, yaani kuchora na kuchambua ramani kwa kompyuta, usiiogope. Niliipita chuoni kwa kuangalia kidole cha jirani kikibonyeza, kompyuta moja watu wanne. QGIS, programu ya kazi hiyo, ni ya bure, na niliijua kweli baada ya kuhitimu, kwa kompyuta ya kuazima. Mwenzangu mmoja aliyejiunga na wanafunzi wa Ramani Huria, mradi ulioanza 2015 kuchora ramani za mitaa ya Dar es Salaam inayokumbwa na mafuriko, alitoka pale na ujuzi ambao kozi zetu hazikumpa nafasi ya kuuzoea. Alikuwa akipima mitaro kwa miguu, kisha anaingiza vipimo kwenye kompyuta jioni.

Kama umeshachaguliwa na chuo hakijafunguliwa, tafuta ramani ya 1:50,000 ya kwenu. Wizara ya Ardhi, kupitia idara yake ya upimaji na ramani, ndio wanaozichapa na kuziuza. Itandaze mezani, tafuta mto unaoujua, uufuate kwa kidole uone kontua zinavyoukata. Mimi niliipata ya Tukuyu nikiwa tayari nimeshaaibika Kondoa. Nyumba yetu haimo, ilijengwa baadaye. Ila njia ya kwenda kuchota maji imo, kamstari kembamba ka vinukta, na kila inapokata kontua nakumbuka pale nilipokuwa naitua ndoo ili nipumzike.