Kabla ya Kuchapa Mabango, Gombaneni Kwanza

Kampeni ya kwanza niliyoifanyia kazi tulishindwa tukiwa na ilani nzuri tu. Nilikuwa katibu wa kamati ya kampeni: naandika hotuba, napanga ratiba ya wasemaji, nasoma magazeti alfajiri. Siku moja nikakuta gazeti limeandika kuwa tutapunguza kodi. Ukurasa wa pili, msemaji wetu mwingine anaahidi huduma mpya za bure. Hakuna aliyedanganya, yote yalikuwamo kwenye ilani. Mwanahabari mmoja akauliza tu hela itatoka wapi, na wiki nzima hatukupata nafasi ya kusema jambo jingine.

Tulidhani shida ni nidhamu. Tukatoa waraka mkali wa kuwaonya wasemaji, ambao nadhani hata hawakuusoma. Kosa lilikuwa letu mezani. Vijana walileta lao, wanawake lao, wataalamu wa uchumi lao, na sisi kwa kuogopa kumuudhi mtu tukayafunga yote mzigo mmoja tukauita ujumbe.

Ndiyo maana nashauri mgombane mapema, milango ikiwa imefungwa. Swali liwe moja: mpiga kura asiye na chama akiulizwa na jirani yake kwa nini atuchague sisi na si wale, atajibu nini kwa pumzi moja? Katika kampeni iliyofuata, swali hilo lilitula siku tatu. Mzee mmoja mwenye heshima zake alitoka nje kwa hasira kwa sababu hoja aliyoipigania miaka mingi haikuwekwa mbele. Tukamfuata. Tukamweleza kwamba haijafutwa kwenye ilani, ila haitabebwa jukwaani. Msipomfuata mtu kama huyo, kesho atakwenda kuisemea hoja yake redioni.

Mkishakubaliana, chora mraba wenye vyumba vinne: tunayosema juu yetu, tunayosema juu ya wapinzani, wanayosema juu yetu, wanayojisemea wenyewe. Chumba cha tatu ndicho watu hukijaza kwa uvivu, na ndicho kinachoumiza. Ujumbe usioweza kujibu kilichomo humo utavunjika kwenye mdahalo wa kwanza.

Kauli mbiu ije baadaye. Mwaka 1992, kwenye makao makuu ya kampeni ya urais ya Bill Clinton kule Little Rock, Marekani, mwanamkakati wake James Carville alibandika mambo matatu tu: mabadiliko dhidi ya yale yale, uchumi, na huduma za afya zisisahauliwe. Leo watu wananukuu lile la uchumi kana kwamba lilikuwa tangazo kwa wananchi, kumbe lilikuwa ukumbusho kwa wafanyakazi wa ndani. Wao ndio huwa wa kwanza kupotea njia.

Chama cha Labour nchini Uingereza, mwaka 1997, kiligawa kadi ndogo yenye ahadi 5. Hakikuandika "tutaboresha elimu". Kiliandika kwamba madarasa ya watoto wa miaka 5 hadi 7 hayatazidi wanafunzi 30, na kikasema fedha zitatoka wapi. Ahadi ya namna hiyo msemaji hawezi kuipindisha hata akitaka.

Wagombea waachieni uhuru wa mifano. Anayeongea na wakulima atumie ya shambani, anayeongea na wauguzi ya wodini, mradi wote wafike kwenye sentensi ile ile. Kuwakaririsha maneno kama kasuku kunachosha, na wasikilizaji hulitambua hilo haraka.

Kipimo changu kilikuwa dereva wetu. Alikuwapo kila mkutano, na siasa haikumhusu. Kila jioni nilimuuliza, "Leo tumesema nini?" Akijibu haraka, nalala. Jioni moja alifikiri kidogo, akasema, "Leo mmesema mengi, bosi." Usiku ule nilikata kurasa nne za hotuba ya kesho yake.