Jibu: Siku saba za Julai na watoto, Serengeti na Ruaha pamoja?

Dada, umeuliza kama siku saba za Julai zinatosha kuwapeleka watoto Serengeti na Ruaha kwa gari kutoka Dar, kisha Zanzibar. Hazitoshi. Nchi hii ni kubwa mno. Mtaona lami zaidi kuliko wanyama, na watoto watachoka mapema.

Chagua upande mmoja. Mimi ningekwenda kaskazini: mlale Arusha, kisha Tarangire, maana kiangazi tembo hujazana kando ya mto makundi kwa makundi. Baadaye Ngorongoro, halafu Serengeti siku mbili au tatu. Julai nyumbu wengi huwa wameelekea kaskazini mwa hifadhi, upande wa mto Mara, kwa hiyo usikubali kambi ya Ndutu, upande wa kusini, kwa ahadi ya kuwaona. Ndutu wanazalia mwanzoni mwa mwaka. Mwambie wakala akuonyeshe kambi kwenye ramani, usiridhike na jina tu.

Jambo linalowagharimu wengi: kutoka Arusha kwenda Serengeti kwa lango la Naabi unapita ndani ya Ngorongoro, na viingilio ni viwili tofauti. Kibali kinahesabiwa kwa saa 24, kwa hiyo panga vizuri saa ya kuingia na kutoka. Beba kitambulisho cha taifa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto ili mlipe bei ya Mtanzania. Na masweta, tafadhali! Ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro baridi ya Julai inauma.

Bajeti ikibana, nendeni Mikumi. Barabara ya Iringa inapita humo humo.