Ukija Moshi Kula, Tazama Saa Kwanza

Kila msimu wa mahafali ukikaribia, napigiwa simu na ndugu na jamaa wenye watoto wanaosoma Moshi. Wengine wako Chuo Kikuu cha Ushirika, wengine kile cha Mwenge, wengine wanasomea udaktari kule hospitali ya KCMC. Swali ni lilelile: "Tukifika tutakula wapi?" Mimi nilisoma Ushirika miaka mitatu, nikala karibu kila kona ya mji, mara kwa bumu, ile fedha ya kujikimu ya mkopo wa wanafunzi, mara kwa daftari la madeni. Jibu langu huwaudhi kidogo: inategemea mtakuwa na njaa saa ngapi.

Nililijua hilo kwa aibu. Siku ya mahafali yangu mama alikuja kutoka Tabora, yeye na mama mdogo. Shughuli ilipoisha alasiri nikawapeleka kwenye hoteli yenye vitambaa vyeupe mezani, waone mtoto wao naye amekuwa mtu. Tulikaa saa mbili na ushee. Kuku alipoletwa alikuwa wa moto nje, wa baridi ndani, na mama alikuwa ameshamaliza karanga zote za kwenye mkoba wake. Siwalaumu sana wapishi. Nusu ya mji ilikuwa imevaa majoho, na yote ilishikwa na njaa kwa wakati mmoja. Siku ya mahafali kuleni kabla ya shughuli, au agizeni chakula tangu asubuhi na mlipie kabisa.

Kesho yake nikajirekebisha. Saa moja asubuhi tulikuwa tumeshakaa kwenye benchi la banda moja jirani na soko la Mbuyuni, mbele yetu bakuli tatu za mtori. Mama akachungulia. "Huu ni uji?" Muuzaji akacheka, akamweleza: hizi ni ndizi mshare mbichi, zimechemshwa na nyama ya mifupa hadi zikalainika, kisha zikapondwa kwa mwiko, tena Uchagani ni chakula cha mzazi, humrudishia nguvu. Mama akanitazama juu hadi chini. "Basi nipe, mama. Huyu nilimzaa miaka ishirini na minne iliyopita na nguvu hazijarudi." Akaongeza bakuli la pili.

Mtori ni wa asubuhi. Uwahi kabla ya saa tatu. Mzuri unateleza kwenye kijiko, si mzito kama ugali wala mwepesi kama supu, na mfupa lazima uonekane. Weka ndimu, weka pilipili kidogo. Ukienda saa tano, utakuta kilichobaki chini ya sufuria kimeongezwa maji ya moto, halafu utarudi kwenu useme Wachaga hawajui kupika. Kama huna mwenyeji, angalia wanakokula makondakta wa daladala. Hao huondoka alfajiri na hawana fedha ya kujaribia. Na ukiwa umeamka mapema hivyo, inua macho: Mlima Kilimanjaro nao huonekana vizuri asubuhi kabla mawingu hayajaufunika.

Mchana nenda kwa mama ntilie wa karibu na chuo. Siwezi kukutajia banda, maana mabanda huhama na wapishi hubadilika, ila kanuni ni moja: fika saa sita na nusu. Saa saba vipindi vinatoka na foleni inafika barabarani. Hapo utapata wali maharage, ugali na mboga za majani, dagaa, na ukibahatika machalari, yaani ndizi na nyama ambazo hazikupondwa, zimeachwa vipande kwenye mchuzi wake. Wageni huchanganya machalari na mtori. Usichanganye mbele ya mpishi.

Foleni yenyewe itakusimulia hali ya fedha chuoni. Bumu likitoka, banda la chipsi mayai linajaa na kwenye maharage hakuna mtu. Wiki chache baadaye mambo yanageuka. Chuo kikifungwa, mabanda mengi nayo hufungwa, kwa hiyo mzazi anayekuja wakati wa likizo asinitafute kwa lawama. Jumapili asubuhi pia ni kavu, wapishi wako kanisani. Ijumaa kinyume chake: ingia mjini, tafuta pilau kwenye migahawa ya Waislamu baada ya swala.

Kahawa? Mji huu umejengwa na kahawa. KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wake, kipo tangu 1933, na kina mgahawa wake mjini, Union Café. Si bei ya mwanafunzi. Mimi niliingia mara mbili kwa miaka mitatu, zote nikiwa nimelipiwa. Mpeleke mzee aliyewahi kuchuma kahawa ila hajawahi kuinywa ikiwa imekaangwa vizuri.

Jioni ni nyama choma. Fika ukiwa na njaa nusu, siyo kamili, kwa sababu utasubiri. Nenda mwenyewe buchani, onyesha kipande kwenye ndoano, simama ipimwe mbele yako. Kilo moja na nusu ya mbuzi inatosha watu wanne wakiongeza ndizi za kuchoma na kachumbari. Kisusio, supu ya mbuzi yenye damu yake, huisha mapema na si ya kila moyo. Mama mdogo alionja, akaweka kijiko chini, akaomba soda.

Kuna vyakula sitakudanganya kwamba utavikuta hotelini kirahisi. Kiburu, ndizi na maharage, na kitawa, ndizi zilizopondwa na maziwa mgando, hivi vinapikwa majumbani. Mwanao akiwa na rafiki wa Kibosho au Marangu na mkaalikwa, ahirisheni safari ya kurudi.

Ila Desemba msiahirishe bila kukata tiketi nyingine. Wachaga wanarudi nyumbani Krismasi, mabasi yanajaa na nyama inapanda bei.

Asubuhi ya kuondoka mama alinunua mkungu wa mshare Mbuyuni, akapike mtori mwenyewe. Nilimwambia achague uliokomaa lakini bado mgumu, akachagua ulionona. Alinipigia kesho yake kutoka Tabora: ndizi zilianza kugeuka manjano Singida.