Maswali ya Seremala: Randa ya chuma inatetemeka

SWALI: Nimeunga randa ndogo kutoka kwa seti: soli (uso wa chini) na mbavu za chuma, kisu cha milimita 4, kibano cha shaba. Tumboni nimejaza mvule niliyonunua Gikomba. Juma la kwanza ilikata vizuri, sasa inatetemeka kwenye mahogani na soli imepinda. Niitupe?
Seremala, Kariobangi

JIBU: Usitupe, fundi. Kwanza kisu. Moshia upande wake bapa kwa mshumaa mpaka uwe mweusi, kirudishe, kaza kibano, kisha kitoe taratibu. Penye masizi kwenye mti ndipo kinapoegemea. Ukikuta doa huko juu tu na karibu na mdomo (ufa wa soli anakotokea kisu) pasafi, ncha ya kisu inaning'inia, na ndiyo inayotetemeka. Piga tupa laini penye doa mara mbili tu, moshia tena. Patasi iache, itakula mti kuliko unavyotaka. Unatafuta masizi upana mzima karibu na mdomo, na doa lingine chini ya skrubu ya kibano. Katikati pakibaki safi hakuna hasara.

Soli imepinda kwa sababu mvule hiyo ilikuwa mbichi. Mti ukikauka husinyaa kwa upana, na kwa vile gundi na ribiti (vipini vya chuma vinavyogongwa ncha zote mbili) vimeushika, unavuta mbavu. (Muuzaji atakuapia ni kavu. Wote huapa.) Safari nyingine pima kipande kwa mizani ya jikoni kila wiki, gramu zikiacha kushuka, kata.

Hii ya sasa iache ndani ya nyumba mpaka itulie, ndipo uisugue kwa msasa namba 80 uliobandikwa juu ya kioo kinene. Kisu kiwe ndani, kimerudishwa nyuma kidogo, kibano kimekazwa kama kazini: mkazo huo nao hupinda soli. Kabla ya kusugua, chora mistari ya kalamu kwenye soli. Ikifutika mbele, kuzunguka mdomo na nyuma, inatosha.

SWALI: Ribiti zangu zinaonekana kama vijicho ubavuni. Kwa nini?
Msomaji, Kawangware

JIBU: Hukupanua midomo ya matundu, au uliacha ribiti fupi. Panua kidogo, acha milimita 1.5 ichomoze kila upande, gonga kwa nyundo ya kichwa cha mviringo ukianzia kingoni, kisha sawazisha kwa tupa. Ribiti iwe ya madini yaleyale ya ubavu. Chuma ndani ya shaba kitaonekana tu hata ugonge vipi.